Nani Atapokea Ndege

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa kwenye msitu ulio juu ya mji wa Meru, nimelala kifudifudi kwenye majani yenye umande, lenzi yangu ndefu nimeiegemeza kwenye gogo. Mbele yangu, kwenye tawi nene, mbega alikuwa ameketi na mtoto wake. Kama umewahi kumwona mbega utanielewa. Mnyama yule mweusi, mwenye joho jeupe mabegani na mkia kama usinga wa mzee, hana subira na mtu. Nilikuwa nimemngoja tangu alfajiri, siafu wakinipanda miguuni, na sasa hatimaye alikuwa ametulia. Mwanga ulikuwa umemwangukia usoni. Mtoto, mweupe pepepe kama walivyo watoto wa mbega wanapozaliwa, alikuwa amemkumbatia tumboni. Nikazuia pumzi. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

"Huuuu! Toka! Toka, mwizi wewe!"

Makofi yakalia nyuma yangu, na kijiti kikapita juu ya kichwa changu. Mbega akaruka, tawi likabaki linayumba peke yake. Nilipogeuka nikamwona mama mmoja amebeba kuni mgongoni, kamba ya mzigo imempita kwenye paji la uso, anatabasamu kama mtu aliyetoka kuokoa maisha.

"Pole, kijana," akasema. "Nimekufukuzia. Angekunyang'anya hiyo mashine."

"Mama, nilikuwa nampiga picha!"

"Picha ya nini? Huyo amemaliza mahindi yangu yote. Kama unataka picha, nipige mimi."

Akashusha kuni, akafunga kitambaa chake upya, akasimama wima bila kucheka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikampiga. Ningefanya nini?

Lazima nikueleze kwamba mimi si mtu wa kubahatisha. Nina diploma ya upigaji picha. Si cheti cha mafunzo ya mwishoni mwa juma, ni diploma, imo ndani ya fremu ya kioo kwenye ukuta wa studio yangu pale Nkubu, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Niliipata Uarabuni, nikisoma jioni baada ya kusugua sakafu za hoteli mchana kutwa, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Wanafunzi wa chuo kule Nchiru wanapohitimu, wanazipita studio zote za Meru mjini na kuja kwangu, kwa sababu najua kupiga joho jeusi na uso mweusi bila kimoja kukimeza kingine. Mahafali na arusi ndiyo mkate wangu. Lakini moyo wangu uko kwa wanyama.

Kule Uarabuni kulikuwa na bustani ya wanyama niliyokuwa nikienda kila siku ya mapumziko. Wanyama wamewekewa viyoyozi! Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa aliyekuwa akitupigia kelele kwenye migunga ya nyumbani, nilimkuta ameketi nyuma ya kioo kama karani wa benki. Watu wanapita polepole, wananong'ona, hakuna anayerusha kitu. Picha niliyompiga mle ndiyo iliyonipa alama za juu kuliko wenzangu wote darasani, wakiwemo waliosomeshwa na baba zao. Nikajiambia, kama nimeweza haya kwa ndege aliyefungiwa kwenye kioo, je, nikirudi kwetu ambako hawajafungiwa?

Basi nikarudi. Nilipotoka uwanja wa ndege hata viatu sikuvibadilisha, nikaenda kwenye kituo kimoja kinachotunza wanyama walioachwa yatima. Nikamkuta duma amelala ubavu juu ya jiwe, jua linamchora mgongo vizuri sana. Nikamwambia mlinzi kwa heshima zote kwamba nimekuja kupiga picha. Akanyanyua rungu lake, akagonga wavu, gwa! gwa! gwa!

"Amka! Una mgeni!"

Duma akaamka, akatutazama kwa dharau, akaenda kujificha nyuma ya kibanda.

"Sasa ameamka, boss," mlinzi akaniambia. "Piga."

Kwa twiga nikakuta watoto wa shule walio kwenye ziara. Mwalimu wao, badala ya kuwanyamazisha, aliwapanga mstari akawaambia wapige kelele wote kwa pamoja ili twiga ageuze uso. Twiga aligeuza, ndiyo, akatuonyesha mkia. Nina picha nyingi za mikia, rafiki yangu. Mikia ya twiga, ya nyani, ya pundamilia. Ungedhani ndilo somo nililosomea.

Nilipokuwa nikirudi Nkubu siku ile ya mbega, nikiwa nimekasirika hata redio nimeizima, lile "Huuuu!" la mama wa kuni liligoma kunitoka masikioni. Nikawa naligeuza geuza. Nililijua. Nilikuwa nimelisikia kabla sijajua kusema jina langu.

Mimi nimezaliwa huko chini, Embu ya ukame, mahali ambapo Mlima Kenya unauona asubuhi tu kabla haujajifunika, na mvua yake unaisikia kwa habari. Nililelewa na bibi yangu, mama wa baba, ambaye sisi humwita Cucu. Shamba lake lilikuwa la mawele, limeteremka kutoka mlangoni hadi kwenye korongo lisilo na maji. Mawele yakianza kukomaa, hakukuwa na jambo lingine duniani. Hata kanisani mhubiri alijua afupishe. Sababu ni kwelea, ndege wadogo wenye midomo myekundu, ambao hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi. Unaona moshi kule juu ya migunga, unajipinda, unajikunja, kisha unaanguka juu ya shamba lako, na ukizubaa kidogo tu unabaki na mabua.

Kwa hiyo tuliishi juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi lililosimama katikati ya shamba. Nilikuwa na kombeo la katani na rundo la madonge ya udongo niliyoyakausha mwenyewe. Kamba zenye makopo matupu zilitoka kwenye dungu kwenda pande zote, ukivuta moja shamba zima linacheka. Cucu alikuwa na kibuyu cha uji wa mawele uliochachuka mpaka unauma ulimi, na sufuria ya ndengu na mahindi iliyofunikwa kwa jani. Lakini kilichonifanya nisichoke kilikuwa ni masuke mabichi. Tulikuwa tukiyachoma kwenye makaa chini ya dungu, tukiyapukuchua viganjani yakiwa bado ya moto, tukipuliza makapi, tukila. Nimekula kwenye mahoteli ambayo sakafu zake nilizisugua mwenyewe, na sijaonja kitu kinachokaribia.

Kwa kuwa nina jina la babu yangu, Cucu hajawahi kuniita mjukuu. Ananiita mume wangu. "Mume wangu, macho yako yako wapi? Wako pale, pale, kwenye mkuyu!" Nilikuwa mume mwenye meno yaliyong'oka mbele, nikitumwa kutafuta kuni.

Sasa kulikuwa na utaratibu ambao nadhani haukuandikwa popote. Kwelea hawafi kwa kelele, wanahama tu. Ukiwainua kwako wanaangukia kwa jirani. Kwa hiyo ulipowainua ulipaswa kupaza sauti umwite jirani ajiandae: "Pokea!" Naye akisikia lazima aitikie, "Nimepokea!" na wakati huo awe ameshasimama kwenye dungu lake, kombeo limeanza kuzunguka, ili kundi limpite juu bila kutua. Kisha naye anamwitia anayemfuata. Ndege walisukumwa hivyo shamba kwa shamba, sauti kwa sauti, mpaka porini. Nilikuwa nikisikiliza ule mwito ukienda, ukipungua, ukigeuka kuwa kama mbu, mpaka usiweze kujua kama bado unausikia au unaukumbuka tu. Mtu aliyewainua ndege kimyakimya alikuwa mbaya kuliko mwizi wa kuku. Na aliyechelewa kuitikia alisemwa na bonde zima.

Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo alikuwa mama mjane mwenye sauti nyembamba kama filimbi. Uso wake niliuona Jumapili tu, ila sauti yake niliisikia kuliko ya mama yangu. Yeye na Cucu walitukanana msimu mzima.

"Umechelewa, wewe!" Cucu alikuwa akimwambia. "Ulikuwa unasuka nywele?"

"Nilikuwa nangoja uite! Nilidhani ni mbuzi wako amekwama!"

"Mbuzi wangu ana sauti kuliko binti zako!"

Jumapili wanaketi benchi moja, kitabu kimoja cha nyimbo, jirani anashika upande wa kushoto na Cucu wa kulia.

Hapo ndipo, nikiwa barabarani, wazo lilinijia. Nilikuwa nimepiga picha za hondohondo wa Uarabuni na mikia ya Kenya nzima, na sikuwa na hata picha moja ya kitu nilichokitazama utoto wangu wote. Kwelea wakianguka juu ya mawele. Wakiwa angani, wamejitandaza kama shuka inayokung'utwa, na masuke chini yao. Hakuna mpiga picha mwingine mwenye diploma anayejua dakika hiyo inavyokuja. Nilipofika Nkubu nilipigilia msumari ukutani, juu ya diploma yangu kabisa, kisha nikafunga studio nikashuka Embu.

Nilichelewa kidogo tu. Baba yangu mdogo alikuwa ameshang'oa mawele ya mteremko wote akapanda muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Simlaumu, muguka huuzwa kila wiki na haungoji mvua kama tunavyoingoja sisi. Ng'ambo ya korongo ni hivyo hivyo. Jirani yetu alifariki nikiwa Uarabuni, na wanawe wakapanda muguka mpaka mahali dungu lake liliposimama. Kwelea hawali muguka. Bonde zima limenyamaza, unasikia tu vijana wakichuma majani na simu zao zikicheza muziki mfukoni.

Cucu alikuwa amebaki na kipande nyuma ya jikoni, si kikubwa kuliko uwanja wa kanisa dogo, alikolima mwenyewe kwa kukaa chini na kujikokota. Miguu yake imevimba. Ilishaamuliwa kwamba akivuna tu, atahamia Nkubu kwa shangazi yangu, karibu na hospitali. Na kipande kile ndicho kilichokuwa kimemfanya akatae kuhama mapema. Shangazi ameolewa. Nyumba ile ni ya mkwe, na Cucu hajawahi kuingia nyumba ya mkwe mikono mitupu. Alikuwa ameshasuka kiondo kipya. Kiondo kingejaa mawele yake, ndipo angevuka kizingiti cha watu.

Sasa mimi nikafika na kamera yangu, nikamwambia ninachotaka. Nilitaka aache ndege washuke. Asubuhi moja tu, asiseme neno.

Akakisogeza kiondo kando.

"Mume wangu," akasema, "ulienda, ukasoma, ukarudi kuniambia nilishe kwelea?"

"Asubuhi moja, Cucu."

"Kwelea anajua asubuhi moja?"

"Wakila nitakununulia mawele, gunia zima."

"Ya dukani?" Akacheka bila furaha. "Niende kwa mkwe na mawele ya dukani? Aniulize nililima wapi, niseme kwa Mhindi?"

Nilimweleza habari za mwanga. Nilimweleza habari za diploma. Nilimwonyesha hondohondo wa kwenye kioo, akauliza kwa nini hawakumla. Nilikuwa nimekaribia kukata tamaa aliponiuliza picha yenyewe nitaiweka wapi.

"Studio, ukutani. Karibu na diploma yangu."

"Juu yake au chini yake?"

"Juu yake."

"Juu ya ile karatasi ambayo mama yako alitutembezea picha yake kanisa zima?"

"Juu yake, Cucu. Msumari uko tayari."

Akawaza. Akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi nitanyamaza. Lakini wakishuka, piga upesi. Mimi ni mzee, na kile kiondo kina tumbo kubwa."

Asubuhi yake nilijificha nyuma ya ghala, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu. Cucu aliketi kigodani mlangoni pa jiko, blanketi miguuni, pembe ya kanga ameiuma kwa meno ili asifungue mdomo. Mlima ulikuwa wazi wote, hata theluji yake iliyobaki niliiona. Nilikuwa nimepima kila kitu. Kundi lingekuja kutoka migungani, lingejitandaza juu ya masuke, na nyuma yake, mbali kidogo, angeonekana bibi kizee ameketi. Hata kama wewe hujui lolote kuhusu picha, unaweza kuiona.

Wakaja. Si moshi wa zamani, rafiki yangu, labda vumbi la gari moja. Lakini walikuja vilevile, wakijipinda, wakijikunja, wakatua kwanza kwenye mti wa nyuma ya choo kama walivyofanya siku zote, wakabishana. Kisha wakaachia matawi. Wakafunguka angani juu ya mawele, kila bawa likiwa na ukingo wa jua, na mimi nikazuia pumzi na kidole changu kikaanza kushuka.

"Huuuui! Pokeaaa!"

Sikujua kama bado ana sauti ile. Ilitoka kwa yule mzee wa kujikokota kama imetoka kwenye dungu. Kwelea wakageuka angani wote kwa pamoja, wakapita juu ya paa la jiko, na nilichokipiga mimi, nimekitazama mara nyingi tangu hapo, ni bua moja la mawele na anga.

"Cucu!" Nilitoka nyuma ya ghala nikiwa karibu kulia. "Tulikubaliana! Si tulikubaliana? Nimetoka Nkubu, nimefunga kazi, nimekaa Uarabuni miaka nikisugua sakafu, asubuhi moja tu nikakuomba, moja!"

Hakuwa ananisikia. Alikuwa amesimama bila fimbo, blanketi limeanguka, kanga imelowa mate. Uso wake ulielekea korongoni. Kiganja alikuwa amekiweka nyuma ya sikio.

Alikuwa anangoja aitikiwe.

Anajua jirani amekufa. Alimzika, aliimba kaburini akiwa na kile kitabu cha nyimbo peke yake. Haikuwa kwamba akili imemtoka. Ni sikio tu lililokuwa likingoja, kwa sababu sikio lilikuwa limefanya kazi hiyo maisha yake yote. Kule chini kijana mmoja aliyekuwa akichuma muguka aliinua kichwa, akatutazama, akarudi kwenye majani yake. Muziki wa simu ukaendelea.

"Hajapokea mtu," Cucu akasema polepole.

Nisikudanganye kwamba hasira zangu ziliisha. Ninazo mpaka leo ninapokuandikia. Ninamkasirikia mama wa kuni, na mlinzi mwenye rungu, na yule mwalimu, na nimemkasirikia Cucu kuliko wote. Kule ughaibuni watu wanajua kunyamaza mbele ya mnyama kwa sababu mnyama hajawahi kuwalaza njaa. Sisi tulifundishwa kupaza sauti, na wenzetu wa kutupokea wamekwisha, na sauti haijui hilo. Inatoka tu. Inamfukuza mbega wa watu.

Cucu yuko Nkubu sasa. Kiondo kilijaa, alivuka kizingiti cha mkwe kichwa kikiwa juu, na mawele yale walipikia uji majirani wote. Mahindi ya shangazi yanapoanikwa uani, njiwa hushuka. Nimemwona Cucu akifungua mdomo, akatazama ukuta wa jirani wa huku, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, akaufunga. Shangazi anasema mama ametulia vizuri mjini. Na ule msumari juu ya diploma yangu uko mtupu, wateja wanauliza ni wa nini, nami nawaambia wakae wima wasitazame huku na huku.

Lakini asubuhi ile alikuwa bado amesimama, kiganja sikioni, na nilijua hataketi. Namjua. Angesimama pale kwa miguu ile iliyovimba mpaka jua la mchana. Kwa hiyo niliiacha kamera yangu, kamera ambayo sijawahi kumwachia mtu hata kuishika mkanda, nikateremka katikati ya muguka uliojaa umande mpaka suruali ikanishika mapajani. Nikavuka korongo. Nikapanda upande wa pili mpaka mahali nilipokisia dungu la jirani liliposimama, vijana wa kuchuma wakinitazama kama mtu aliyepotea. Nikakusanya viganja mdomoni.

"Nimepokeaaa!"

Sauti yangu haikuwa nyembamba kama filimbi. Ilikwaruza, ikakatika katikati. Mmoja wa wale vijana akacheka. Kule juu, yule mtu mdogo aliye mlangoni pa jiko hakusogea. Kisha mkono ukashuka kutoka sikioni, na jibu likaja juu ya bonde zima, likiwa limekasirika kweli kweli.

"Umechelewa, wewe! Ulikuwa unasuka nywele?"

Akaketi. Jua lilikuwa limemfikia miguuni, mawele yake yakiwaka mbele yake kama yamechovywa, kwelea watano au sita waliorudi kwa ukaidi wakining'inia kwenye masuke, na mlima mzima nyuma yake bila wingu. Mwanga kama ule mtu huupata mara moja. Na mimi nilikuwa ng'ambo ya korongo, mikono mitupu.